Ukoko wa Pasi, Kabla Hujashika Stilwaya

Ijumaa, saa tano asubuhi. Kanzu nyeupe imetandazwa mezani, mikono imeshanyooshwa, kimebaki kifua. Pasi inateremka kutoka begani, inafika usawa wa mfuko, inasita kidogo, halafu inaendelea. Ikiinuliwa, mstari wa kahawia umeshalala juu ya weupe, mrefu wa kidole.

Kinachofuata kinajulikana. Pasi inachomolewa, inageuzwa juu chini, na mtu anakwenda jikoni kuchukua stilwaya.

Hapo ndipo pasi nyingi zinapoharibikia.

Jambo hili limenizunguka kichwani wiki kadhaa, kwa sababu ya ushauri unaotolewa juu yake. Huyu anasema chumvi. Yule anasema chumvi usiiguse. Mmoja anasisitiza pasi iwe ya moto kabisa, mwingine anataka ipoe kwanza. Kuna wa dawa ya meno, wa mshumaa, wa ndimu, wa Panadol. Wingi wa njia haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba karibu wote wanasema kweli: kila mmoja amejaribu njia yake na pasi ikatakata. Sasa itakuwaje moto huohuo usafishe pasi ya huyu na uzidi kuichafua ya yule?

Naamini tunaanza na swali la pili. Tunauliza "nisugulie nini?" kabla hatujauliza "kilichoganda hapa ni nini?"

## Ukoko una koo zake

Uchafu unaoganda kwenye uso wa pasi, lile bapa linalogusa nguo, hautoki sehemu nyingi. Una koo chache tu, kila ukoo na asili yake.

Kuna wanga. Kanzu, mashati ya ofisini, vitambaa vya meza, vyote hutiwa wanga, uwe ule wa kopo la kupuliza au uji mwepesi wa unga wa muhogo. Humohumo weka sabuni ambayo haikusuuzwa ikaisha, na dawa ya kulainishia nguo. Vikikutana na chuma chenye nyuzi joto 160 na zaidi, hugeuka kahawia, na vikiachwa vinakuwa vyeusi. Ukoko wa namna hii hauna mng'ao. Umetawanyika, na umekusanyika zaidi nchani na kwenye kingo.

Kuna plastiki. Nailoni, poliesta, bitana ya koti, maandishi ya mpira kwenye fulana, gundi ya gamstei ambayo fundi cherehani huiweka ndani ya kola. Huu huwa na mng'ao, umekaa sehemu moja, una kingo zinazoonekana, na mara nyingi umebeba rangi ya nguo iliyoungua.

Kuna chokaa ya maji, kwa pasi za mvuke. Na kuna kutu na masizi, ambavyo ni vya pasi ya mkaa, nitavifikia.

Kuupambanua ukoko hakuhitaji ujuzi wa maabara. Pasi iwe imechomolewa na kupoa kabisa. Dondoshea tone la maji ya moto juu ya ukoko, ngoja dakika mbili, halafu kwangua kwa ukucha. Ukilainika na kuacha rangi kwenye ukucha, ni wanga au sabuni. Ukibaki kama ulivyo, ukucha unateleza juu yake, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni plastiki. Ukisagika ukawa unga mweupe, na tone la siki likautoa povu, hiyo ni chokaa.

Wanga uliokwisha kuwa mkaa utakudanganya hapa. Utakaa mgumu dakika mbili zote. Kwa hiyo jibu la "plastiki" lichukulie kwa tahadhari mpaka maji yapewe muda wa kutosha.

## Moto ni wa nani

Hapa ndipo ule ugomvi wa ushauri ulipoanza kunifungukia.

Plastiki hulainika ikipata moto. Nailoni sita, ambayo ni ya kawaida sana, huyeyuka karibu nyuzi 220. Poliesta huanza kunata karibu 230 na kuyeyuka baada ya 250. Polipropileni, ile ya mifuko ya kitambaa cha plastiki, huyeyuka karibu 165. Gundi ya gamstei iko chini zaidi, kwani kazi yake ni kuyeyuka chini ya pasi na kushika kitambaa.

Wanga hauyeyuki.

Ukiuongezea moto, hupita kutoka weupe kwenda manjano, kahawia, hadi mkaa, na kila hatua huushika uso wa pasi kwa nguvu zaidi kuliko iliyotangulia. Anayewasha pasi mpaka mwisho ili "kuyeyusha" ukoko wa wanga anauendeleza kuupika.

Ndiyo maana aliyeunguza nailoni anaapa kwa moto, na mwenye kanzu anaapa kwa maji. Kila mmoja ana haki kwenye pasi yake. Kosa linaanza pale ushauri unapohama kutoka pasi moja kwenda nyingine bila kutaja nguo.

Na ikiwa hujui, au ukoko ni mchanganyiko, anza na maji. Maji hayaidhuru plastiki, itabaki pale ikikungoja. Moto unaudhuru wanga.

Hilo la mchanganyiko ni la kawaida kuliko tunavyodhani. Shati la shule linaonekana pamba, ila ni tetroni, poliesta na pamba zimesokotwa pamoja. Mtu akilitia wanga na kulipigia pasi kwa moto wa pamba tupu, anapata koo mbili kwa mpigo mmoja.

## Wanga: maji na subira

Chomoa pasi. Iache ipoe hadi iwe ya uvuguvugu, mkono uweze kuigusa bila kuruka. Kunja kitambaa cha pamba, kichovye kwenye maji ya moto yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kikamue kisichuruzike, kitandaze kwenye sahani bapa, na uilaze pasi juu yake. Dakika 15 hadi 20. Maji yasipande juu ya kingo za uso, na pasi isiwekwe kamwe chini ya bomba. Ndani yake kuna nyaya za umeme na kizio, kile kinachozuia umeme usivuje, ambacho hakikutengenezwa kulowa.

Ukiinua, sehemu kubwa ya kahawia itakuwa imehamia kwenye kitambaa. Futa kwa upande safi. Kama kuna mabaki, rudia.

Yanayokaidi yanahitaji kitu cha kusugua, na hapa bekingi soda inafaa. Vijiko viwili vya chakula kwa kijiko kimoja cha maji, ikorogwe iwe rojo zito lisilotiririka. Paka kwenye ukoko, siyo kwenye matundu ya mvuke, kisha sugua kwa kitambaa laini ukizungusha taratibu. Futa kwa kitambaa kibichi mara kadhaa, hadi kidole kikipita kisiokote unga.

Dawa ya meno nyeupe, ile isiyo ya jeli, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: ndani yake mna unga wa kusugulia, mara nyingi chokaa au silika. Inatosha kwa madoa madogo kwenye pasi ya chuma cha pua. Kwa uso mzima siipendi, kwa sababu ikikauka ndani ya matundu inageuka kuwa kazi mpya.

Na ile alama ya kahawia iliyohamia kwenye kanzu? Ikiwa ni wanga ulioungua na si kitambaa chenyewe, loweka papo hapo kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Usiipitishie pasi tena kabla haijatoka.

## Magadi si bekingi soda

Naliweka peke yake hili, kwa kuwa kwetu vitu hivi viwili hukaa rafu moja na watu huvibadilishana.

Magadi, yale mabonge ya kijivu yanayotoka maziwa kama Magadi na Natron na kutiwa kwenye maharage, yana kabonati ya sodiamu ndani yake, na ukali wake ni mkubwa kuliko wa bekingi soda. Aluminiamu haiwezi ukali huo. Uso wa pasi ya aluminiamu ukipakwa rojo la magadi na kuachwa hupoteza mng'ao, ukawa wa kijivu cheusi, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho ila nguo inavisikia. Isitoshe, magadi ya sokoni yana chembe za mchanga.

Majivu ya kuni yana tatizo hilohilo, ukali na chembe. Kwa sufuria, sawa. Kwa pasi, hapana.

Siki haina ubaya kwa muda mfupi: kitambaa kilicholoweshwa siki nusu na maji nusu, dakika chache, kisha futa kwa maji matupu. Isilale nayo usiku kucha, maana tindikali nayo inakula aluminiamu polepole. Wala usiwahi kuichanganya na jiki. Siki na klorini vikikutana hutoa gesi ya sumu, na jikoni ni padogo.

## Plastiki: moto, lakini kwa kipimo

Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 katika maabara ya DuPont, Marekani, chini ya Wallace Carothers. Poliesta ya nguo ilipatikana Uingereza mwaka 1941, kazi ya John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Kabla ya hapo pasi ilikutana zaidi na pamba, kitani, sufu na hariri, vitu vinavyoungua bila kuyeyuka. Ujuzi mwingi wa kusafisha pasi tuliorithi ni wa zama zile, nao haukuwahi kuonana na bitana ya poliesta.

Nguo ikishaganda, kitendo cha kwanza ni kuchomoa pasi na kuinua nguo taratibu ilhali bado kuna moto. Ukivuta ikiwa imepoa, utararua nguo na kuacha vipande. Kama kimebaki bonge, lisukume lingali laini kwa kitu cha mbao: kijiti cha aiskrimu, ncha ya mwiko mkavu. Kisu hapana. Kisu kinaondoa bonge na kuacha mchoro, na mchoro huo ndio utakaoshika nailoni inayofuata.

Baada ya hapo unabaki utando mwembamba. Huu ndio unaotaka akili.

Andaa kitambaa kinene cha pamba, ukikunje mara nne, ukiweke juu ya ubao. Anzia moto wa chini, kitone kimoja kwenye kitufe cha moto cha pasi, bila mvuke. Pitisha pasi juu ya kitambaa kwa kubonyeza kidogo. Haitoki? Panda kitone cha pili, ngoja dakika mbili, jaribu tena. Halafu cha tatu. Unatafuta pale utando unapoanza kuteleza na kuacha alama kwenye kitambaa. Ukipafika, fanya haraka: pitisha, geuza kitambaa upande safi, pitisha, geuza. Kila mpito uwe kwenye sehemu mpya, la sivyo unaipaka plastiki uliyokwisha kuitoa. Moshi ukianza, umepita kipimo. Rudi chini, fungua dirisha.

Vitone hivyo ni takribani nyuzi 110, 150 na 200. Pasi hupanda juu ya kipimo chake ndipo ijizime, ikashuka chini yake ndipo ijiwashe, na ndiyo sababu poliesta inayostahimili nyuzi 200 inaweza kuganda kwenye pasi iliyowekwa vitone vitatu.

Sasa, hicho kitambaa cha pamba.

Watu wengi huchukua kanga kuukuu. Lakini kanga nyingi za siku hizi si pamba tupu, na zipo ambazo ni poliesta. Ukiipitishia pasi ya vitone vitatu kwa kubonyeza, unaongeza ukoko juu ya ukoko, na unabaki ukishangaa kwa nini kazi haiishi. Hili nadhani ndilo lililowashinda wengi waliosema "njia ya moto haifanyi kazi."

Jaribio ni rahisi. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa kibano juu ya sinki, uwashe kiberiti. Pamba hushika moto upesi, inanuka karatasi inayoungua, na inaacha jivu jepesi linalopeperuka. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, hudondoka, na ikipoa inaacha kitone kigumu cheusi kisichosagika kwa vidole. Ukiona jivu pamoja na kitone, ni mchanganyiko, usikitumie. Kitambaa ninachokiamini kwa kazi hii ni merikani, au kipande cha taulo kuukuu la pamba.

Asetoni, ile inayotoa rangi ya kucha, husifiwa kuliko inavyostahili. Haiyeyushi poliesta wala nailoni. Inafaa kwa asetati, ambayo ni satini na bitana za aina fulani, na kwa baadhi ya gundi. Itumike pasi ikiwa baridi kabisa, imechomolewa kwa saa nzima, mbali na jiko. Mvuke wake unashika moto kirahisi mno.

## Chumvi, mshumaa na Panadol

Hizi tatu zilinichukua muda zaidi, maana sikutaka kuzikataa kwa sababu tu ni za mitaani.

Chumvi kwanza. Vijiko viwili vya chumvi ya mezani hunyunyizwa kwenye karatasi ya kaki au kitambaa cha pamba, pasi ya moto bila mvuke ikapitishwa juu yake kwa nusu dakika hadi dakika moja. Inafanya kazi kwa plastiki iliyolainika: inanata kwenye punje na kuondoka nazo. Kwa wanga uliokauka ni kusugua tu, kwa moto usiohitajika. Punje ya chumvi ni laini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo pasi ya chuma cha pua haina cha kuhofia. Uso wenye tabaka jeusi la kuzuia kunata ni habari nyingine, huo huchubuka. Ukimaliza futa kwa kitambaa kibichi, kisha kikavu, na kagua matundu. Chumvi ikibaki na unyevu inakula metali.

Mshumaa hausafishi kama watu wanavyofikiri. Nta huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65, hulowesha ukoko uliolegea, na huacha uso ukiteleza, hivyo mtu akaona pasi imepona. Kwa pasi kavu isiyo na matundu sina ugomvi nao, mradi baadaye uipitishe kwenye kitambaa hadi isiache alama ya mafuta. Kwa pasi ya mvuke, usithubutu. Nta inaingia kwenye matundu, halafu wiki moja baadaye inatoka juu ya blauzi ya hariri.

Panadol ndiyo iliyonitesa. Nilitaka iwe uzushi. Lakini parasetamoli huyeyuka karibu nyuzi 170, joto ambalo pasi ya pamba inalifikia, na ikiyeyuka inakuwa kimiminika cha moto cha jamii ya fenoli. Fenoli yenyewe inajulikana maabara kwa kuyeyusha nailoni. Basi si ajabu kidonge kikisuguliwa juu ya utando wa nailoni, utando ukalegea na kufutika.

Inafanya kazi, basi. Swali ni gharama yake. Moshi wake unawasha macho na koo. Kidonge hupungua haraka na vidole vinakaribia chuma cha moto, kwa hiyo kishikwe kwa koleo dogo, dirisha likiwa wazi na watoto wakiwa mbali. Tena vidonge vingi vimeshikanishwa kwa wanga, ambao nao unaungua na kuacha kahawia yake. Lazima ufute upesi kwa pamba kavu wakati bado ni majimaji. Mimi naiweka mwisho kabisa, kwa nailoni iliyokataa kitambaa na chumvi. Kwa ukoko wa wanga haina maana yoyote.

## Uso wenyewe ni wa nini

Stilwaya na msasa vinatoa ukoko wa kila ukoo, na hilo ndilo linalovipa sifa. Tatizo ni vinachoacha nyuma.

Tazama pasi iliyosuguliwa kwa stilwaya ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Utaona mistari myembamba maelfu, imepishana kila upande. Kila mstari ni mfereji, na wanga wa kesho unaingia humo na kuungua humo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Pasi hiyo itachafuka upesi zaidi, itasuguliwa tena, na mifereji itaongezeka. Watu husema pasi imezeeka. Haikuzeeka, ilikwanguliwa.

Uso wa fedha uliofifia kwenye pasi nyepesi ya bei nafuu ni aluminiamu, na ni laini. Uso unaong'aa hadi ukajiona humo kama kwenye kioo ni chuma cha pua, ambacho kinavumilia bekingi soda na chumvi. Seramiki ni nyororo, mara nyingi ina rangi, na inapasuka ikigongwa.

Uso mweusi au wa kijivu usiong'aa kwa kawaida una tabaka la plastiki ya Teflon, jina la kibiashara la PTFE, ambayo Roy Plunkett aliigundua mwaka 1938. Inastahimili nyuzi 260, na ni plastiki ambayo plastiki nyingine haishiki juu yake. Lakini ni laini sana. Kwa uso huu ruhusa ni kitambaa, maji ya sabuni, siki nusu kwa nusu, na kijiti cha mbao, basi. Hata bekingi soda siipeleki huko. Ukishachubuka, aluminiamu inatokeza katikati ya tabaka, nguo inakwama kwenye ukingo wa chubuko, na chubuko linapanuka kila wiki. Nyumbani hakuna dawa yake.

## Pasi ya mkaa na jani la mgomba

Pasi ya mkaa haijatoweka. Umeme ukikatika Jumapili jioni na sare za shule bado zimejaa mikunjo, inateremshwa kutoka juu ya kabati. Uso wake kwa kawaida ni chuma cha kusubu, adui zake ni kutu na masizi, na hapa peke yake ndipo ninaporuhusu msasa: ule laini kabisa, kwa kutu tu, ukisuguliwa kwa kufuata urefu wa pasi.

Kinachonipendeza ni jani la mgomba. Jani bichi hutandazwa juu ya ubao, pasi ya moto ikapitishwa mara tano sita hadi jani linyauke na kuwa jeusi. Nilidhani ni unyevu wake unaofanya kazi, nao unasaidia kulegeza masizi. Lakini jani la mgomba lina nta juu ya ngozi yake. Ndiyo inayoyafanya maji ya mvua yateremke bila kulilowesha. Nta hiyo huyeyuka karibu nyuzi 80 na kuacha utando mwembamba juu ya chuma, unaoteleza na kuzuia kutu. Mshumaa unafanya kazi hiyo kwa kuacha mafuta mengi kuliko yanayohitajika. Jani linaacha kiasi.

Baada ya jani pitisha pasi kwenye kitambaa kibovu kwanza, maana utomvu wa mgomba ukigusa nguo nyeupe hautoki.

## Matundu ya mvuke

Maji ya visima vingi vya pwani, na ya Dodoma pia, yana madini mengi. Yakigeuka mvuke, madini hubaki ndani ya pasi, hujenga magamba, na siku moja hutoka pamoja na maji ya rangi ya chai juu ya shati.

Pasi nyingi za mvuke zina kitufe cha kujisafisha. Jaza maji, pasha hadi mwisho, subiri taa izime, chomoa, ishike juu ya sinki uso ukitazama chini, bonyeza kitufe na uitikise mbele na nyuma hadi maji yaishe. Mvuke unatoka kwa nguvu, mkono uwe mbali. Matundu yenyewe yasafishe kwa pamba ya masikio yenye siki, au kijiti cha meno. Sindano hukwangua kingo za tundu.

Kumimina siki ndani ya tangi ni jambo ambalo kijitabu cha pasi yako ndicho kiamue. Watengenezaji wengi hulikataza kwa sababu ya mpira na metali zilizomo ndani. Maji yaliyochemshwa, yakatulia na kumiminwa bila machujo, tayari yameacha sehemu ya chokaa kwenye birika. Maji ya betri ya vituo vya mafuta ni safi kwa kazi hii, ila soma chupa mara mbili: pembeni yake kwenye rafu huuzwa tindikali ya betri.

## Ukoko unaorudi

Pasi iliyosafishwa vizuri ikachafuka tena wiki hiyohiyo inasema jambo jingine.

Mara nyingi ni mpangilio wa nguo. Pasi hupata moto ndani ya dakika mbili tatu, lakini kupoa kutoka vitone vitatu hadi kimoja huchukua robo saa au zaidi. Aliyeanza na shati la pamba, akazungusha kitufe na kurukia blauzi ya nailoni papo hapo, anapiga blauzi pasi ya pamba. Anza na nguo za kitone kimoja, panda.

Kwa wanga, ngoja nusu dakika baada ya kupuliza ili uingie kwenye nyuzi, na unyooshe upande wa ndani. Uji wa muhogo uchujwe kwa kitambaa chepesi. Bonge moja dogo linatosha kuanzisha doa.

Ikiwa yote hayo umeyafanya na hata tetroni inaganda kwenye vitone viwili, shuku themostati. Ndani yake mna kibao cha metali mbili zilizoshikanishwa, moja hutanuka zaidi ya nyingine, na kikipata moto hupinda na kuzitenganisha ncha zinazopitisha umeme. Ncha hizo zikiungua zikashikana, hazitengani tena, na pasi inaendelea kupanda joto bila kujali kitufe kiko wapi. Weka kitufe kwenye kitone kimoja, simamisha pasi wima, sikiliza. Ndani ya dakika chache inapaswa kulia tiki na taa izimike. Dakika tano zikipita na taa bado inawaka, chomoa, usiitumie tena hata kwa pamba, na umpelekee fundi wa umeme ukimwambia aanze kwa kukagua ncha za themostati kabla hajagusa kitu kingine.